Mkono Kwenye Suti ya Mzee Gona

Bi Mwanamina amefuta waume kumi na saba. Idadi hiyo huitaja mwenyewe, tena kwa fahari, na huongeza kwamba kati ya hao ni wawili tu waliostahili kubaki.

Hakuna aliyekufa. Bi Mwanamina ni mpiga picha hapa mji wa kale wa Malindi, na duka langu la kushona limepakana na studio yake kwa ukuta mwembamba ambao haujawahi kuzuia neno lolote. Kulikuwa na miaka ambapo mwanamke akiachika, akitoka kwa kadhi alikwenda moja kwa moja kwa Bi Mwanamina, albamu ya harusi kwapani. Bi Mwanamina alimwondoa bwana pichani, akaziba pengo kwa jagi la maua, na mwanamke akarudi kwao na harusi safi: amekaa peke yake kwenye kiti cha watu wawili, anayachekea maua.

Studio ilikuwa ya marehemu mumewe. Alikuwa fundi hodari, lakini alikuwa mwanamume, na kwenye harusi zetu mwanamume haingii upande wa wanawake isipokuwa bwana harusi mwenyewe. Kwa hivyo mkewe ndiye aliyetumwa ndani na kamera tangu ujana wake. Ilikuwa Yashica ya macho mawili, ile unayoitazama kwa juu, umeinamisha kichwa kama mtu anayetafuta kifungo kilichoanguka. Mume alipofariki, mke alikuwa amekwisha kumshinda kwa kupiga picha zamani, ila hakumwambia. "Ningemwambia, angekufa mapema zaidi," huniambia.

Kompyuta aliletewa na Mwikali. Mwikali alikuja kutoka Kitui akafungua chuo cha kompyuta juu ya duka la vitambaa, chumba kimoja chenye mashine nne na feni moja, na feni ndiyo iliyowavutia wanafunzi. Mwaka 2001 alimuuzia Bi Mwanamina mashine moja, skrini yake ina kisogo kirefu kama cha oveni, pamoja na CD iliyoandikwa kwa kalamu ya wino mzito: PICHA. Hiyo ndiyo iliyokuwa programu ya kurekebisha picha. Hakuna kati yao aliyeijua. Walijifundisha pamoja kutoka kwenye kitabu kisicho na jalada, mmoja akisoma, mwingine akibofya, na wote wawili wakilaumiana.

Ukitaka kumchokoza Bi Mwanamina leo, mwonyeshe simu inayomlainisha mtu uso kwa kidole kimoja.

"Simu hizi zakupaka poda hata hujaomba," husema. "Sisi tulifanya kazi. Ulibofya, ukaenda kusali adhuhuri, ukarudi, ile mashine bado yafikiri. Ukikosea, mtu amepoteza sikio. Sasa kuna raha gani ikiwa hakuna sikio linaloweza kupotea?"

Basi mwaka jana, mwezi wa pili, Raiya akaingia studio. Raiya alikuwa mfutiwa mume wa mwaka 2004. Alikuwa ameolewa na Hilal, muuza vipuri vya magari, wakakaa miaka sita, wakaachana kwa talaka moja na kelele nyingi. Kila mmoja akaoa na kuolewa kwingine, huko nako kukavunjika, na sasa, watu wazima wenye magoti mabovu, wamefunga ndoa upya.

"Bi Mwanamina," Raiya akasema, "nataka umrudishe."

"Nimrudishe nani?"

"Hilal. Kwenye picha. Wageni waja kututazama, wakitazama ukutani waona nimeolewa na jagi."

Bi Mwanamina akamuuliza ziko wapi negativu. Raiya akatazama chini. Negativu alizichoma mwenyewe mwaka ule ule, uani, kwa mafuta ya taa, huku dada zake wakipiga vigelegele.

"Basi amebaki kwenye ile mashine ya zamani," Bi Mwanamina akasema, "kama amebaki."

Ile mashine ilikuwa chini ya kitanda chake, imefunikwa leso mbili. Nikaitwa kupitia ukutani, tukaitoa watatu. Haikuwaka. Bi Mwanamina akampigia simu Mwikali, ambaye sasa amestaafu, anakaa Mtwapa na kulalamikia muziki wa baa za jirani. Kesho yake Mwikali akateremka na mkoba wa bisibisi, amefurahi kupita kiasi.

"Hii haijakufa," alisema baada ya kuifungua. "Iko na uchafu tu, kama mwenyewe."

Akabadilisha betri ndogo mfano wa sarafu. Akachomoa kibao cha kumbukumbu akakisugua kwa raba ya penseli, namna alivyokuwa akifundisha zamani. Akabonyeza. Mashine ikakoroma, ikakohoa, halafu ikatoa ule mlio wake wa kuamka, noti nne za kinanda. Bi Mwanamina akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akasema ni vumbi. Vumbi lilikuwepo, sikatai. Programu ilipoanza kufunguka, tukanywa chai tukamaliza mahamri, na ilipokwisha kufunguka Mwikali alikuwa amesinzia.

Faili la RAIYA lilikuwepo. Likafunguka: Raiya, kiti, jagi.

"Yuwapi?" Raiya akauliza.

"Nilimfunga moja kwa moja," Bi Mwanamina akasema. "Nilipohifadhi, jagi na picha vikawa kitu kimoja. Chini ya jagi hakuna mtu."

Raiya akauinua mkoba wake. Ndipo Mwikali, macho bado mekundu kwa usingizi, akasema, "Mwanamina, si ulikuwa unaweka suti?"

Bi Mwanamina akajifanya hakusikia. Mwikali akarudia kwa sauti ya darasani. Ikabidi maneno yatoke.

Ni hivi. Zama zile, watu wa mashamba walikuja studio na picha ndogo ya kipande ya baba aliyefariki, ndiyo picha pekee aliyowahi kupigwa, wakataka waiweke ukutani akiwa mkubwa, amenyooka, amevaa suti. Kichwa walileta wao. Mwili alitafuta Bi Mwanamina. Na waume waliofutwa, bwana, walikuwa na miili mizuri iliyokaa bure. Wote wamevaa suti mpya, wamenyooka, siku yao ya harusi.

"Hilal alikuwa na mabega mazuri kuliko wote," Bi Mwanamina akasema, kana kwamba hilo lamtetea. "Kumtupa ingekuwa israfu."

Mwikali akatafuta, akapata faili limeandikwa GONA KAKUYUNI, jina la mtu na la kijiji chake. Akalifungua. Skrini ikamleta mzee wa Kigiriama mwenye uso mkali, kichwa kikubwa kuliko kawaida, kiunoni kwenda juu, kwa suti nyeusi na ua jeupe mfukoni, nyuma yake maporomoko ya maji ambayo hayako popote Kilifi.

Katika programu ile picha hujengwa kwa tabaka, kama karatasi angavu zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kila tabaka lina alama ya jicho pembeni. Ukilibofya jicho, tabaka lajificha. Mwikali akakibofya kichwa cha Mzee Gona. Kikatoweka. Chini yake, akiwa amefunikwa miaka kumi na tisa, akatokea Hilal, kijana, masharubu membamba, nywele zimesimama kama brashi. Ndiyo sababu kichwa cha mzee kilikuzwa: kilikuwa kikizificha nywele zile.

Raiya akaweka mkono mdomoni. "Yarabi," akasema. "Alikuwa na shingo!"

Siku ile ile jagi likatoka na Hilal akarudi kitini mwake. Kwa Raiya kazi ilikuwa imekwisha, na ingekwisha kweli lau angeweza kunyamaza. Alimhadithia mumewe kitandani, na asubuhi Hilal alikuwa mlangoni pa studio, kanzu imembana tumboni.

"Shikamoo, Bi Mwanamina."

"Marahaba, mwanangu. Mwaonaje picha?"

"Picha nzuri. Lakini naambiwa mwili wangu uko Kakuyuni."

"Si wote. Kichwa unacho."

Hilal hakucheka. Alisema ametundikwa katika nyumba ya watu asiowajua, amebebeshwa kichwa cha maiti, miaka yote hiyo, na hajui wamemfanyia nini. Labda ndiyo sababu ya mgongo. Labda ndiyo sababu ya ile ndoa ya pili.

"Wakufanyie nini? Wakupangusa vumbi," Bi Mwanamina akasema. "Kama wataka kwenda, nenda. Mimi siendi."

Kisha akakumbuka Hilal anavyozungumza akiwa na hasira, akavaa buibui lake akaingia kwenye gari la Hilal, Probox. Raiya alikuwa ameketi mbele tayari. Mimi sikualikwa, lakini nyuma kulikuwa na nafasi.

Tulimkuta Mama Priscilla, mjane wa Mzee Gona, akipukuchua mahindi barazani. Mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, mwenye kutazama mtu mpaka amalize. Akatukaribisha ndani, akatupa viti. Picha ilikuwa ukutani, fremu ya dhahabu. Ila kulikuwa na jambo la ajabu: kalenda ya kanisa ilitundikwa juu yake, ikaufunika upande mmoja wa mzee tangu kifuani.

Hilal hakungoja hata maji. "Mama, tumekuja kwa ajili ya picha hii. Mwili huu ni wangu."

Mama Priscilla akautazama mwili wa pichani. Akalitazama tumbo la Hilal.

"Huu?" akauliza.

"Ulikuwa," Hilal akasema.

Bi Mwanamina akaingilia kati, akaeleza yote: harusi, talaka, mashine, kichwa alicholeta Dorcas, binti wa mama huyu, wakati wa msiba wa babake. Nilitarajia makelele. Mama Priscilla alisikiliza huku akizungusha punje moja ya hindi vidoleni.

"Suti nilijua ni ya kuazima," alisema mwishowe. "Gona hakuwahi kuwa na mabega hayo. Na maji hayo nilijua ni ya uongo, maana hapa twayachota. Mimi nauliza hii."

Akainuka, akaiondoa kalenda.

Kwenye mkono wa kushoto wa suti kulikuwa na vidole vinne. Vya mwanamke. Vimepakwa hina na piko nyeusi hadi kwenye kucha, vimemshika Mzee Gona juu kidogo ya kiwiko, na nyuma ya vidole hivyo hakukuwa na mtu. Kwenye skrini sote tulikuwa tumetazama kichwa tu.

"Huu mkono ni wa nani?"

Nilimtazama Bi Mwanamina. Alikuwa akirekebisha buibui lililokuwa limekaa sawa.

Raiya ndiye aliyesogea. Akaunyoosha mkono wake karibu na kioo. Kidole chake cha mwisho kilipinda, alibanwa na mlango akiwa mdogo, na kidole cha mwisho pichani kilikuwa kimepinda vile vile.

"Ni wangu, mama," akasema. "Siku ya harusi yangu. Nilikuwa nimemshika huyu."

Mama Priscilla akakaa. "Mulungu wangu," akasema polepole. Kisha akamgeukia Bi Mwanamina. "Wewe ulijua?"

"Nilijua vimebaki. Mashine ile ilikuwa na kamba ya kukatia, unaivuta kwa kipanya, ukitetemeka wakata suti. Stima ikapotea mara mbili. Nikaviacha. Nilidhani vitaonekana kama mikunjo ya kitambaa."

"Mikunjo yenye hina?"

Hapo Mama Priscilla akatuambia. Mzee Gona alifanya kazi ya chumvi Gongoni karibu maisha yake yote, akija nyumbani mara mbili kwa mwezi. Dorcas alipoleta picha, alimwambia mamake ni ya studio, lakini Priscilla hakuamini. Alikuwa amesikia kwamba mjini kuna mwanamke anayefuta watu kwenye picha. Akasema, basi hii ni picha ya kweli, mume wangu aliipiga na mtu, na huyo mtu amefutwa ila mkono umekataa. Na mkono wa nani? Huko Gongoni Gona alipanga chumba kwa mjane mmoja aitwaye Mama Cynthia, ambaye hakukosa hina mkononi, na ambaye alilia mazikoni kuliko inavyomfaa mwenye nyumba.

"Tangu siku ile sikumsalimu. Alikuja hapa mara mbili, nikamwacha uani mpaka akaondoka. Nilikaa ndani nikimsikia akiwauliza watoto, mama yuko? Wakisema hayuko, na mimi wananiona." Akaikunja kalenda. "Kila mwaka naweka nyingine. Na huyu mzee pia sikumsamehe. Kaburini kwake nilikuwa napita tu."

Kuku mmoja akaingia, akatutazama, akatoka.

"Nisamehe, mama," Bi Mwanamina akasema, kwa sauti ambayo sikujua anayo.

"Si mimi wa kuanza kuombwa," Mama Priscilla akajibu. Alikuwa amekwisha simama, anatafuta viatu. "Gari lenu lafika Gongoni?"

Tukarudi njia ile ile, tukapita Malindi bila kusimama, tukashika barabara ya kaskazini. Mama Priscilla alikaa mbele na picha mapajani, Raiya akahamia nyuma nasi. Hilal ndiye aliyeendesha. Madai ya mwili wake hakuna aliyekuwa akiyataja tena, na nadhani alianza kuona haya, maana alizima hata redio.

Nyumba ya Mama Cynthia iko karibu na madimbwi ya chumvi, mahali ambapo weupe wa malundo unaumiza macho. Tulimkuta amekaa mlangoni, mzee wa rika la Priscilla, macho yameingia ukungu. Alipotambua sauti ya mgeni wake akajaribu kusimama na kukaa kwa wakati mmoja.

"Kaa," Mama Priscilla akasema. "Huyu ana neno lake." Akamsukuma Bi Mwanamina mbele.

Bi Mwanamina akasema yote, amesimama juani, bila kupunguza. Alisema alikuwa na haraka, akaona vidole na kuviacha, na kwamba kwa sababu ya uvivu huo mama huyu ameitwa mwizi wa mume bila kujua. Akamwomba radhi.

Mama Cynthia alimgeuzia sikio mpaka akamaliza. Kisha akauliza, "Kwa hivyo si ile sufuria?"

"Sufuria gani?" Mama Priscilla akauliza.

"Ile kubwa. Nilikuja mazikoni na chakula, nikaondoka na sufuria yako badala ya yangu. Nikairudisha mara mbili, ukakataa kutoka. Nikasema, loo, huyu mama amekasirika kwa sufuria, siwezi kuwaachia watoto, nitampa mkononi mwake. Miaka yote hii nasema, Priscilla ana roho ya namna gani, sufuria tu!"

Akaingia ndani, tukasikia vyombo vikianguka, akatoka akiikumbatia: sufuria nene ya alumini, tako limekuwa jeusi tititi.

Mama Priscilla akaigeuza, akaikagua. "Niliitafuta hii mpaka nikamsingizia wifi yangu," alisema. "Hatuzungumzi naye mpaka leo."

"Basi na huko twende," Raiya akasema, na mumewe akafumba macho.

Lakini Priscilla alikuwa bado na swali moja. "Mbona ulilia vile?"

"Mazikoni? Nililia kwa sababu alikuwa mtu mwema," Mama Cynthia akasema. "Mvua ikinyesha, alipanda mwenyewe juu ya paa langu akaziba, sijamwomba."

"Juu ya paa lako."

"Ndiyo."

"La kwetu lilivuja miaka tisa."

Nikadhani sasa vita vinaanza upya. Walitazamana. Kisha Mama Priscilla akaanza kucheka, kicheko kikavu kilichomtoka kwa vipande, na Mama Cynthia akamfuata bila kujua kama anaruhusiwa. Walicheka mpaka mmoja akamshika mwenzake begani asianguke. Sisi tukasimama tu. Hilal alikwenda kutazama matairi.

Tulipokuwa tukimrudisha nyumbani, sufuria miguuni, Mama Priscilla alimwambia Bi Mwanamina anachotaka. Hataki suti wala maji yanayoporomoka. Picha ya kipande anayo bado. Aikuze vile ilivyo.

"Nitampunguzia ile mikunjo ya paji la uso," Bi Mwanamina akasema. "Na shati, ile kola imekaa vibaya."

"Usimguse."

Hakumgusa. Nilikuwepo akiitengeneza, na nilimwona mara mbili akipeleka mkono, mara mbili akiurudisha. Mzee Gona sasa yuko ukutani Kakuyuni na kichwa cha kiasi chake, amekunja uso kama aliyeambiwa akae wima na karani. Dorcas alipokuja Krismasi alisema babake amepungua. Mamake akamwambia ndivyo alivyokuwa.

Hilal alipewa fremu ya zamani, mwili wake wote ndani. Raiya hakuitaka chumbani ikiwa na kichwa cha mzee wa watu, kwa hivyo iko stoo kwenye duka la vipuri, nyuma ya radieta.

Bi Mwanamina alifunga studio wiki nzima. Nilidhani anaumwa, hadi nilipomsikia Mwikali akibishana naye nyuma ya ukuta wangu. Walikuwa wakifungua mafaili yote ya mashine ile, moja moja, wakiyabofya macho ya tabaka kuona ni nani amevaa nani. Walipata miili kumi na mmoja. Wakaandika majina na vijiji kwenye daftari, na tangu hapo, Jumamosi wakipata gari, wanakwenda nyumba moja, Mwikali amebeba mkoba, Bi Mwanamina amebeba radhi. Mpaka sasa wamefika sita. Mmoja, huko Ganda, aliwatimua hadi barabarani na fagio. Watano waliosalia waliwapa chai, wakasikiliza mpaka mwisho, na wote wakasema suti ibaki.